Maji ya Chini ya Tangi

Nyinyi mliobaki yadi mmeniomba niandike kazi yangu kabla sijaisahau. Mimi sijasahau kitu. Wenye kusahau ni nyinyi, ambao juzi mlimtuma mtu kutoka Miritini hadi kwangu Magogoni kuja kuniuliza kizibo cha tangi la gari kubwa kinakaa pembe gani. Kinakaa pembe ya nyuma, upande wa dereva, pale pale kilipokaa siku zote. Inameni mtakiona.

Basi naandika. Skuli nilitoka darasa la nne, kwa hivyo msitafute hapa maneno ya vitabuni. Mjukuu wangu Rehema, ambaye mwakani inshallah atasimama mbele ya darasa lake mwenyewe, amenisahihishia herufi. Maneno nimemkataza kuyagusa. Sitaandika nani alipandishwa cheo wala nani alilipwa nini, hayo mwayazungumza kutwa bila msaada wangu. Nitaandika habari ya maji, na ya Bi. Mishi aliyenifundisha kazi, na ya ahadi ya maji niliyompa, ambayo nusura inishinde siku ambayo yeye mwenyewe hakuweza tena kunikumbusha.

Kwa asiyeijua yadi yetu: pale hukodishwa magari ya kulala. Ni gari lenye kitanda, jiko na beseni la vyombo humo humo ndani. Mgeni hulichukua akaenda nalo Tsavo au Amboseli, akalala porini kama aliyefukuzwa kwao, na akalipia. Chini ya kitanda kuna tangi la maji matamu, bapa kama godoro. Pampu ndogo huyavuta maji kwa mpira na kuyatoa kwenye mfereji wa ndani, na ubavuni kwa nje kuna mfereji mwingine wa kunawia miguu. Kazi yangu, tangu nilipoingia hadi nilipotoka, ilikuwa kuliosha tangi hilo na kulijaza. Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, nilijibu nafanya kazi ya magari. Waliodhani mimi ni fundi sikuwasumbua.

Siku ya kwanza tulikuja wanawake kundi zima, maana ilisemekana kuna kazi ya kufua mashuka. Kumbe mashuka yalikuwa na watu wake. Akatutokea mwanamke mfupi, Mdigo wa Mtongwe, leso kiunoni, bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Huyo ndiye Bi. Mishi. Tukamwamkia.

"Marahaba," akasema. "Haya, mikono."

"Mikono ina nini, mama?" mmoja wetu akauliza.

"Nioneshe. Sura sina haja nayo, sura haiingii tangini."

Tangi lina tundu moja tu kwa juu, duara, mfuniko wake haupiti kisahani cha chai. Akatupanga foleni, kila mtu atie mkono. Wenye mikono minene waliishia kwenye kiwiko. Mmoja alikataa kuvua bangili zake za dhahabu, mkono ukaingia ukakataa kutoka, ikabidi apakwe sabuni huku akisoma kila dua aliyoijua. Wangu uliingia hadi kwapani. Bi. Mishi akanitazama juu mpaka chini. "Huyu hana nyama," akasema, "lakini ana urefu. Wewe kaa." Wembamba ambao mama mkwe wangu aliusimanga tangu harusi ndio ulionipa kazi. Nilimpelekea habari hiyo jioni ile ile.

Zana zenyewe hazikujaza kapu. Brashi iliyokatwa mpini ili iingie tunduni. Kitambaa cha pamba. Siki ya kulainisha magamba ya chumvi. Dawa ya klorini, ambayo hupimwa kwa kifuniko cha chupa, haipimwi kwa macho. Na bakuli jeupe la bati, lenye ukingo wa buluu, ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulia chakula. Unamwaga maji yote ya zamani, unalala kifudifudi juu ya kitanda cha gari, unatia mkono na kusugua. Huoni kitu. Nilipoinamisha kichwa kuchungulia, Bi. Mishi alinipiga kofi dogo la mgongo. "Watafuta nini? Humo macho hayana kazi. Utelezi utaujua kwa vidole."

Ukimaliza, unasuuza, unatia dawa, unaiacha ikae, unasuuza tena. Ndipo unapotia maji kidogo, unalitikisa gari, unaingia chini na kufungua kile kizibo cha pembeni. Yale maji ya chini kabisa unayakinga kwa bakuli jeupe na kwenda nalo juani. Bi. Mishi alikuwa akija, analiangalia, analizungusha polepole. Akiona chembe moja ya mchanga au uzi mmoja wa uchafu, husema neno moja tu: "Rudia." Hasemi umekosea wapi. Hasemi pole. Unarudi kulala kifudifudi ukaanza upya.

Akiwa hakuona kitu, alinyamaza na kwenda zake. Kwake kunyamaza ndiyo ilikuwa sifa, na hakuna nyingine niliyowahi kuisikia. Wiki nzima ya kwanza sikukinyamazisha kinywa kile hata mara moja. Siku kiliponyamaza nilibaki nimesimama na bakuli langu juani kama mjinga, nikidhani labda mama wa watu anaumwa.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hili ndilo mnalolikosea mpaka leo. Tangi limeandikwa lita mia ubavuni. Mia hiyo ni kweli, haikuandikwa na mwongo. Lakini mdomo wa mpira wa pampu haugusi sakafu ya tangi. Umeinuliwa vidole kadhaa ili usivute mchanga. Maji yaliyo chini ya mdomo huo yamo tangini na hayatoki mferejini. Juu nako lazima pabaki hewa. Kwa hivyo tangi la mia, yaani ndoo tano, humpa mgeni ndoo nne na kidogo, na gari likisimama upande, hata nne hazifiki. Bi. Mishi aliniambia siku moja tukinywa chai ya mkandaa, isiyo na maziwa: "Tangi lashika mia, Saumu. Halitoi mia. Anayekwenda porini mwambie ya kutoa, usimwambie ya kushika." Na yale maji ya chini alikuwa na sheria nayo moja: hayo ni ya kukagulia, si ya mtu. Yamwagwe.

Aliyatia mkazo maneno hayo kwa sababu ya familia moja. Walikuwa mume, mke na mtoto mchanga wa maziwa ya kopo. Walisoma mia wakaifanyia hesabu zao, wakaenda mbali, wakapika, wakaoga. Siku iliyokusudiwa kuwa na maji, mfereji ukatoa upepo. Walirudi yadi kabla ya siku zao. Bwana alipiga kelele kwa tajiri wetu mwenye yadi, tajiri akapiga kelele kwetu sisi, kila mtu akimwonesha mwenziwe ile namba ya ubavuni. Mke yule hakupiga kelele. Alikaa kwenye ngazi ya gari na mtoto mapajani. Mtoto alikuwa mzima, alhamdulillahi, ila midomo yake ilikuwa imepasuka. Bi. Mishi aliingia chini ya gari akafungua kizibo, na ile ndoo ya mwisho ikatoka, maji ya hudhurungi, yakanywewa na mchanga wa yadi mbele ya macho ya mama yule. Sikuona mtu aliyeshinda siku ile. Mimi kila nilipofungua kizibo baada ya hapo niliiona midomo ya mtoto.

Mwengine wa kumjua ni Kazungu, dereva wetu, Mgiriama, mkaazi wa Kisauni kama mimi, mtu wa kanisani na mtu wa maneno. Aliwahi kusimamisha gari porini pua ikitazama bondeni, wageni wakakosa maji na tangi limejaa nusu. Akapiga simu yadi.

"Bi. Mishi, maji yameisha!"

"Hayajaisha. Yamekukimbia. Gari latazama wapi?"

"Lateremka kidogo."

"Basi yamejaa mbele na mpira uko nyuma. Tia jeki mbele, uinue. Na wewe Kazungu, kitanda chako pia wakilaza kichwa chini?"

Aliinua, maji yakaja. Alitaniwa kwa kitanda hicho mpaka nywele zikamwingia mvi.

Bi. Mishi aliacha kazi kwa sababu ya bega. Lilikataa kuinuka hata kufunga leso. Siku ya mwisho hakukuwa na keki wala hotuba. Alinipa bakuli jeupe, akasema, "Usilie chakula," akapanda kwenda zake Mtongwe. Huko miguu nayo ikaanza kuvimba, ni sukari, na nikawa namtembelea kila nilipopata nafasi.

Yeyote aliyeishi upande ule wa Likoni anajua habari ya maji. Mfereji upo ukutani kama pambo. Visima vipo, na ya visimani ni ya chumvi, chai yake inahitaji moyo. Ya mkokoteni muuzaji anakuapia ni matamu, ukiyaonja unakuta ni kisima kile kile kimetembezwa. Siku moja nilimkuta Bi. Mishi amekaa kibarazani anaoshwa miguu na bintiye Mwanajuma. Akalitia kidole lile beseni, akalamba, akatema.

"Waona," akasema. "Nimewatengenezea wageni maji matamu hadi bega limekufa. Mimi mwenyewe napikia chumvi, nanawia chumvi, nafulia chumvi. Nisikilize, Saumu. Siku yangu msinioshe kwa chumvi. Nimechoka nayo."

"Inshallah, Bi. Mishi, siku hiyo ni mbali."

"Hilo ni jibu la mtoto. Sikukuuliza iko wapi. Nataka ndiyo au la."

"Ndiyo."

"Mwanajuma, umesikia?"

"Abee mama, nimesikia."

Hakuirudia tena habari hiyo. Yadi nayo ikaendelea bila yeye. Yalikuja magari mapya yenye taa ndogo ukutani za kuonesha maji yaliyobaki. Taa husema robo, na robo yenyewe ndiyo ile isiyotoka, lakini taa haijui. Matangi yake hayana tundu la kutia mkono. Yanamiminiwa dawa na kutikiswa, basi. Nilipouliza ndani yanasuguliwa vipi, niliambiwa hayahitaji. Nilibakishiwa magari mawili ya zamani, na hata hayo kwa maneno ya tajiri ni mpaka yatakapopata mnunuzi. Mlikuwapo, mliona jinsi nilivyokuwa nikimaliza mapema na kukaa kivulini.

Habari ya msiba ilinifikia asubuhi, nimo yadini. Mwanajuma alisema mazishi ni baada ya sala ya alasiri, halafu akasema mfereji wao umekauka, na mimi nilijua ananikumbusha nini. Wiki ile mifereji ilikuwa imekauka kote, si Likoni peke yake. Hata tangi kubwa la yadi lilikuwa tupu, tukingoja boza, lori la maji, ambalo liliahidiwa jioni. Maji matamu niliyoyajua mahali yalipo yalikuwa mahali pamoja tu: ndani ya gari moja la zamani nililoliosha na kulijaza mwenyewe kabla mifereji haijakatika, kwa ajili ya wageni wa kesho yake.

Nilimwendea tajiri. Nikamwambia aliyefariki ni nani na aliomba nini. Aliangalia lile gari muda mrefu. "Boza lisipokuja jioni," akasema, "wewe ndiwe utakayewaeleza wageni." Nikasema sawa. Kazungu alikuwa keshaliwasha. Wazo la kujaza mitungi hakulitaka, alisema gari lenyewe ni mtungi wenye magurudumu, na kwa barabara mpya ya Dongo Kundu hatukuwa na haja ya kungoja kivuko cha Likoni. Njiani nilipiga hesabu yangu kwa vidole. Ndoo nne na kidogo. Maiti huoshwa mara tatu, na mara ya mwisho hutiwa kafuri. Yatatosha, wala hayatazidi.

Gari tuliliegesha mbele ya nyumba. Nikajaza ndoo za mwanzo kwenye mfereji wa ubavuni, nikaziingiza uani, ambako palikuwa pamezungushiwa leso na mashuka. Mwosha alikuwa Bi. Rukia, jirani, mtu wa sauti ya chini. Tukaanza. Kwanza kwa majani ya mkunazi. Mimi nilipewa kumimina. Nililiosha lile bega lililoshuka, na mkono wake wa kulia ulikuwa mwepesi kama wa msichana.

Nikatoka kuchukua ya mara ya pili. Nikapata, ingawa mfereji ulianza kutoa kwa kusitasita. Nikarudi ndani, tukamwosha mara ya pili. Nikatoka kuchukua ya tatu, nikafungua, na pampu ikakohoa. Upepo mtupu.

Nikaangalia chini. Ardhi yote ubavuni mwa gari ilikuwa tope. Wanaume walikuwa wamekaa barazani, ndevu zinachuruzika, mikono ya kanzu imekunjwa, miguu safi.

"Kazungu," nikasema. "Nani ametumia maji haya?"

Alinyanyuka. "Wazee walikuwa wanatawadha kwa ajili ya sala. Nikadhani ndiyo kazi yake, Saumu. Gari la maji msibani. Mimi ningewazuiaje?"

Wiki nzima hawakuona mfereji unaotiririka. Mfereji umekuja mlangoni, wanakwenda kumsalia marehemu, wafanye nini? Hakuna hata mmoja aliyefanya jambo baya. Na mimi niliyejua maji yatatoka kiasi gani sikuwahi kufikiri kwamba msiba wenyewe utayanywa.

Nikarudi uani na ndoo tupu. Bi. Rukia akaiona.

"Ya kisima yapo tele," akasema taratibu. "Ni twahara, mama. Hata ya bahari ni twahara. Mwenyezi Mungu hana taabu na chumvi."

Alisema kweli na ilikuwa sheria. Mwanajuma, aliyekuwa ameshika kichwa cha mamake, akaniangalia.

"Alikwambia nini, Bi. Saumu?"

"Aliniambia matamu."

"Alasiri yakaribia," Bi. Rukia akasema.

Nikatoka nje tena. Nikamwambia Kazungu atie jeki gurudumu la mbele, upande wa abiria, ainue kadiri itakavyokwenda. Hakuuliza. Jeki ilizama kwenye tope la udhu wao, ikabidi wale wazee wenyewe waje washike bodi, wanyanyue na kutia matofali, kanzu zikachafuka tena baada ya kutawadha. Mmoja akauliza, "Gari lina nini?" Kazungu akamjibu, "Halina kitu. Tunakilaza kitanda chake vizuri." Ndiyo mara pekee nilipomwona akilia.

Maji yote yaliyobaki yakawa yamekusanyika pembe ya nyuma, upande wa dereva. Nikalitoa bakuli jeupe mkobani, maana nalichukua kila niendako. Nikafunga leso vizuri, nikalala chali topeni, nikaingia chini ya gari. Umri wangu ule kuingia chini ya gari ni jambo moja, kutoka ni jingine. Nikafungua kizibo, nikakinga bakuli, kisha nikakirudisha ili yaliyobaki yasimwagike.

Hayo ndiyo maji ambayo sikuwahi kumpa mtu hata mmoja. Ya chini. Ya kukagulia. Ikiwa nilipoosha tangi lile nilipitisha mkono haraka pembeni kwa kuwa ni gari linalongoja mnunuzi, au kwa kuwa hakuna tena wa kunisimamia, basi humu ndimo yatakamoonekana, na nitakuwa nimemletea uchafu wa tangi aje aogeshwe nao.

Sikuangalia kule topeni. Niliingia nalo uani, mahali jua lilipopenya kati ya mashuka, karibu na kichwa chake. Nikalizungusha polepole. Maji yalikuwa meupe mpaka chini, na maua ya kutu ya bakuli, yale ya zamani niyajuayo, yakaonekana moja moja. Nikaonja. Matamu. Nikalizungusha tena upande wa pili, kisha nikainama na kuliweka mbele ya uso wake, kwa urefu ule ule niliokuwa nikimwekea yadini.

"Wafanya nini, Saumu?" Bi. Rukia akauliza.

"Namuonesha."

Hakuna aliyecheka. Nikangoja kidogo, kadiri nilivyozoea kungoja, nikisikiliza lile neno lake moja.

Kisha nikampa Bi. Rukia bakuli, akatia kafuri.